Kerezo la uani: Lingeka soko lipo, lakini si la kila mashine

SHAFTI ya mashine ya kusaga inapokufa Lingeka, mkoani Simiyu, hasara haihesabiwi kwa bei ya chuma bali kwa siku. Mwenye mashine huichomoa, huifunga kwenye gunia, huipakia kwenye pikipiki mpaka barabara kuu, kisha hushika basi la Bariadi. Kazi ikiwa kubwa safari huendelea hadi Mwanza au Shinyanga, na huko nako kuna foleni. Kina mama wenye madebe ya mahindi kichwani hawamngoji arudi. Huenda kwa jirani mwenye mashine nzima, na baadhi yao huzoea huko huko.

Kwa sababu hiyo wazo la kununua kerezo la chuma, yaani mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga, huwajia watu wengi wenye mtaji mdogo katika maeneo ya pamba. Kwa haraka haraka linaonekana ni wazo lisilo na mushkeli: mashine za kusaga zimejaa vijijini, mikokoteni ya ng'ombe haihesabiki, pikipiki zimeenea kila kona, na fundi wa kuchonga hayupo karibu. Hata hivyo, hesabu ikipigwa taratibu, inabainika kwamba kerezo dogo la nyumbani, la mtu anayejua kazi mwenyewe na mwenye kipato kingine, lina nafasi nzuri ya kulipa Lingeka. Karakana kamili iliyonunuliwa kwa mkopo na kukabidhiwa fundi wa kuajiriwa ni hadithi tofauti, na wengi watakaoiparamia watajuta.

KINACHOUZWA NI SIKU

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiokusudiwa kuwa bei ya soko. Mashine ya kusaga inaingiza Sh. 60,000/= kwa siku. Shafti imeliwa pale inapokaa beringi. Mwenye mashine akienda mjini anapoteza siku mbili, yaani Sh. 120,000/=, nauli na chakula Sh. 40,000/=, na malipo ya fundi Sh. 25,000/=. Jumla ni Sh. 185,000/=. Fundi wa hapo hapo kijijini akimtoza Sh. 50,000/=, mara mbili ya bei ya mjini, na kumrudishia shafti ndani ya nusu siku, hasara yote ya mteja ni Sh. 80,000/=. Amelipa ghali, lakini ameokoa Sh. 105,000/=.

Hapo ndipo penye biashara. Mwenye kerezo kijijini hauzi chuma wala hashindani na mjini kwa bei. Anauza siku ambazo mteja angezipoteza barabarani, na masika, wakati udongo mweusi wa mbuga unaponasa kila gurudumu, siku hizo huongezeka thamani. Kwa hiyo kazi inayoweza kusubiri, kama boliti za kawaida au puli mpya, haina faida kubwa kwake, kwa kuwa mteja atangoja mtu anayekwenda mjini amletee. Kazi yenye faida ni ile iliyosimamisha kitu kinachoingiza fedha.

KAZI YENYEWE

Ugonjwa mkubwa wa mashine za kusaga ni beringi kucheza juu ya shafti. Beringi namba 6308, kwa mfano, ina tundu la milimita 40. Ili ikae imara, shafti inatakiwa izidi 40 kidogo tu, kwa sehemu moja au mbili za mia za milimita. Beringi ikikwama, au ikafungwa vibaya, huanza kuzunguka juu ya shafti na kuila. Upungufu wa sehemu mbili za kumi za milimita hauonekani kwa jicho, lakini unatosha kuiua beringi mpya ndani ya siku chache.

Dawa ya kienyeji ni kupiga sentapanchi kuzunguka shafti ili chuma kivimbe, kisha kuigongea beringi juu yake. Inashika wiki moja, pengine mbili. Wapo mafundi wanaoiuza kama matengenezo kamili, na mteja hugundua baadaye kwamba amelipa kwa kununua muda.

Dawa ya kweli ni kujaza chuma kwa kuchomelea, kisha kukereza mpaka kipimo. Kazi hii nayo ina mtego wake. Fundi akichomelea upande mmja mfululizo, joto huvuta shafti na kuipinda. Mashine ya kusaga ikizunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika, upindo mdogo tu huitikisa nyumba nzima. Hivyo huchomelea mstari mmoja, akageuza shafti na kuchomelea upande wa pili, akirudia hivyo mpaka aizunguke, na huiacha ipoe yenyewe bila kuitia maji. Ndipo huifunga kwenye kerezo, huhakikisha kwamba inazunguka bila kuyumba, na kuanza kuchonga. Kwa shafti ya milimita 40 na kisu cha kawaida, mizunguko kama 200 kwa dakika inafaa. Mizunguko ikizidi sana, kisu huungua. Ikipungua sana, uso hutoka na mikwaruzo na saa huenda bure.

Kazi nyingine zinazoletwa ni bushi na pini. Bushi ya magurudumu ya mkokoteni wa ng'ombe ni kazi rahisi, na wateja wake ni wengi, ingawa hulipa kidogo na mara nyingi baada ya kuuza pamba. Bushi za shaba nyeusi kwa injini na pampu zinalipa vizuri zaidi, lakini zinahitaji malighafi ambayo fundi lazima aagize kabla au ayeyushe mwenyewe. Injini za dizeli za mwendo wa polepole za aina ya Lister, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1929 na kuigwa kwa wingi nchini India, zilisambaa sana Afrika Mashariki kwenye mashine za kusaga. Pale zilipobaki zinafanya kazi, ni rafiki wa mwenye kerezo, kwani karibu kila kitu ndani yake kinaweza kupimwa kwa vernia na kuchongwa upya.

Aidha, mkoa wa Simiyu ni miongoni mwa mikoa mitatu, pamoja na Singida na Dodoma, ambayo serikali iliiteua katika msimu wa 2021/22 kusukuma kilimo cha alizeti. Mashine za kukamua mafuta huliwa haraka na mchanga unaoingia na mbegu. Skrubu yake hujazwa chuma kigumu na kusawazishwa tena, na hii ni kazi ambayo mwenye mashine hawezi kuiahirisha, maana mashine iliyolika huacha mafuta ndani ya mashudu.

Viwanda vikubwa vya kuchambua pamba visiingizwe kwenye orodha ya wateja. Vina karakana na mafundi wao, na huagiza vipuri kwa jumla. Vinaweza kumpa mtu wa uani kibarua cha dharura, lakini mtu asikope fedha kwa kutegemea dharura ya tajiri.

WALIOTANGULIA

Eneo hili si geni kwa uchongaji wa vipuri. Kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012, Bariadi na Maswa zilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Kati ya mwaka 1974 na 1978 mradi wa visima vifupi uliofadhiliwa na Uholanzi ulifanya kazi mkoani humo, na badala ya kutegemea pampu za kuagiza tu, ulitengeneza za kwake zilizokuja kujulikana kama pampu za Shinyanga. Pampu ya mkono ni mashine ndogo, lakini bila pini na bushi zilizochongwa kwa kipimo kimoja, kipuri cha kisima hiki hakiingii kwenye kisima kile.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi kwa mwekezaji unatoka Arusha. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Carl Bielenberg alibuni huko mashine ya mkono ya kukamua alizeti, na karakana ndogo zikapewa kazi ya kuitengeneza. Uhai wa mashine ile ulikuwa kwenye pistoni na silinda yake. Pistoni ikilegea, mbegu hurudi nyuma; ikibana, mtu hawezi kusukuma mpini. Karakana iliyokuwa na kerezo na fundi makini iliuza mashine iliyotoa mafuta. Iliyokuwa na kerezo peke yake iliuza chuma kizito.

Nje ya nchi, eneo la Suame mjini Kumasi, Ghana, hutajwa sana na watetezi wa viwanda vidogo. Kituo cha ushauri wa teknolojia cha chuo kikuu cha Kumasi, kilichoanzishwa mwaka 1972, kilifungua karakana Suame mwaka 1980, kikaagiza makerezo yaliyotumika kutoka Uingereza na kuwauzia mafundi kwa malipo ya polepole. Mafundi wale walistawi. Jambo ambalo wasifiaji husahau ni kwamba Suame ilikuwa tayari imejaa gereji za magari, moja ubavuni mwa nyingine, na kila gereji ilihitaji boliti na bushi asubuhi hadi jioni. Mashine iliwafuata wateja. Atakayeipeleka Lingeka akitumaini wateja wataifuata mashine anafanya kinyume.

Tanzania yenyewe iliwahi kujaribu kutengeneza makerezo. Kiwanda cha KMTC wilayani Hai, Kilimanjaro, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria kwa ajili ya mashine za aina hiyo, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa na mpango wa kuwapa wenye viwanda vidogo mashine wakalipa kidogo kidogo. Mageuzi ya uchumi yalipokuja na mashirika ya umma kuanza kubinafsishwa miaka ya 1990, karakana nyingi zilifungwa na mitambo yake kugawanyika. Mtumba wa Kiingereza au wa Ulaya Mashariki unaokutwa leo katika gereji ya mtu binafsi mara nyingi una historia ya namna hiyo, na umri wake uendane na bei.

HESABU MBILI

Ili kuona tofauti ya mashine ya uani na karakana kamili, zichukuliwe hesabu mbili za mfano. Tarakimu ni za kukisia na kila mtu aweke zake, lakini umbo la hesabu halitabadilika sana.

Wa kwanza anaanzisha karakana. Kerezo kubwa la mtumba Sh. milioni 9, usafiri na msingi wa saruji Sh. milioni 1.2, vifaa vya kushikia, visu na vipimo Sh. milioni 2.5, umeme Sh. milioni 1.3, na vyuma vya kuanzia Sh. milioni 1. Jumla Sh. milioni 15. Akizigawa kwa miaka 10, uchakavu ni Sh. milioni 1.5 kwa mwaka. Ikiwa fedha yote ni ya mkopo wa riba ya asilimia 18, mwaka wa kwanza riba ni Sh. milioni 2.7. Fundi wa kuajiriwa kwa Sh. 300,000/= kwa mwezi ni Sh. milioni 3.6. Umeme, mafuta na visu Sh. 60,000/= kwa mwezi ni Sh. 720,000/=. Mwaka mmoja unamdai Sh. 8,520,000/= kabla hajapata hata senti ya faida, na bado marejesho ya mkopo wenyewe hayajaguswa.

Akitoza Sh. 10,000/= kwa saa ya mashine, anahitaji saa 852 kwa mwaka, au saa 71 kila mwezi. Tukisema kila mashine ya kusaga au kukamua inaleta kazi ya saa mbili kwa mwezi kwa wastani, na huo ni wastani wa mtu mwenye matumaini, basi anahitaji mashine 36 zinazomtegemea yeye peke yake. Kijiji kimoja hakina. Kata moja ni vigumu. Itabidi avute wateja kutoka mbali, na kadiri wanavyotoka mbali ndivyo faida ya kuokoa siku inavyopungua, mpaka inakuwa hakuna tofauti kati yake na fundi wa Bariadi.

Wa pili ni mtu wa uani. Huenda ni mwalimu wa ufundi, fundi mstaafu wa kiwanda cha pamba, au mkulima aliyejifunza kazi ujanani na hawezi kuiacha. Ananunua mashine ndogo ya mezani pamoja na vifaa vyake kwa Sh. milioni 4.5, fedha taslimu. Uchakavu kwa miaka 10 ni Sh. 450,000/= kwa mwaka. Umeme na visu Sh. 40,000/= kwa mwezi, yaani Sh. 480,000/=. Gharama yote ya mwaka ni Sh. 930,000/=. Kwa bei ile ile ya saa, saa 93 zinamtosha kurudisha gharama, chini ya saa mbili kwa wiki. Saa zote za juu ya hapo ni ujira wake. Wiki isiyo na mteja haimuumizi, maana analima, anafundisha au anachomelea mageti. Hutumia wiki hiyo kujitengenezea vifaa vya kushikia kazi, na kwa kweli wengi wa mafundi wa aina hii hupenda kazi hiyo kuliko hata ya mteja.

Ubaya wa mashine ndogo ni udogo wake. Kerezo la mezani la Kichina linalopatikana kwa wingi duniani linazungusha kipenyo kisichozidi milimita 180 na urefu wa milimita 350 hivi, na tundu la kichwa chake ni milimita 20 tu. Bushi, pini na vipuri vya pikipiki vinaingia. Shafti ndefu ya mashine ya kusaga haiingii, wala puli kubwa. Yaani ile kazi inayolipa kuliko zote ndiyo inayomshinda. Kwa Lingeka, saizi ya kati inayofikisha urefu wa milimita 750 au mita moja ndiyo yenye akili, mradi inunuliwe bila deni. Asiyeweza bora angoje misimu miwili ya pamba akiweka akiba, au waungane wawili, mmoja mwenye fedha na mwingine mwenye mikono.

Kwa wanaotaka kukopa, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, linalogawanywa asilimia nne, nne na mbili. Pia ipo sheria ya mwaka 2008 ya ukodishaji wa mitambo, inayowezesha kampuni kununua mashine na mtumiaji kuilipia kwa awamu huku mashine yenyewe ikiwa dhamana. Njia hizo ni nafuu kuliko kuweka rehani shamba. Bado saa 71 za kazi kila mwezi lazima zitoke mahali.

KUNUNUA MTUMBA

Herufi na namba zilizoandikwa kwenye kerezo la Kichina zinasema kitu. C6140 maana yake ni kerezo la kulala linalozungusha kipenyo cha milimita 400; C6132 ni la milimita 320. Muuzaji anayesema C6132 ni sawa na C6140 ama hajui anachouza au anajua sana. Mashine ya ukubwa wa C6140 ina uzito wa tani mbili hivi, na mnunuzi aulize kwanza itashushwaje kwenye lori, maana Lingeka si bandarini.

Kinachochakaa zaidi ni kitanda cha mashine, hasa karibu na kichwa, ambako kazi nyingi hufanyika. Rangi mpya hupakwa kila mahali ila hapo. Njia ya kuipima ni kufunga fito nene ya chuma kwenye chaki bila kuishika upande wa mkia, kuikereza urefu wa milimita 150 kwa mkato mwepesi, na kuipima ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ya sehemu mbili tatu za mia za milimita inavumilika kwa kazi za vijijini. Ikifika sehemu moja ya kumi, mashine hiyo itamtesa fundi kila siku, na bei yake iwe karibu na ya chuma chakavu. (Chaki hii ni ile ya kushikia chuma, yenye taya tatu au nne. Ile ya kuandikia ubaoni hutengenezwa Maswa na haina lawama yoyote hapa.)

Mnunuzi wa mashine ya Kiingereza ya zamani aulizie gia ya meno 127. Mashine hizo zilipimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4; bila gia hiyo haziwezi kukata tredi za milimita kwa usahihi kamili, na boliti nyingi zinazoletwa leo ni za milimita. Gia zikiwa pungufu, bei ishuke.

Halafu kuna vifaa. Mashine tupu ni nusu ya safari. Chaki ya taya nne, kifaa cha kushikia drili, visu, jiwe la kunolea, vernia na maikromita visipokuwemo kwenye bei vinaweza kumaliza fedha iliyowekwa kwa ajili ya vyuma vya kuanzia. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huangukia shimo hili.

UMEME NA VYUMA

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umepeleka nguzo katika vijiji vingi, lakini nguzo kupita si sawa na umeme wa njia tatu kufika uani. Makerezo makubwa huja na mota za njia tatu. Nyumba ya kawaida huunganishwa njia moja, na kwa njia moja mtu hutumia kwa raha mota ya nguvu ya farasi mbili, pengine tatu. Suluhisho ni kubadilisha mota, kununua kifaa cha kielektroniki kinachogeuza njia moja kuwa tatu, au kuomba njia tatu na kulipia. Jambo hili liamuliwe kabla ya kununua mashine. Zipo mashine zilizokaa bandani zikila kutu kwa sababu mwenyewe aliuliza swali hili baada ya lori kuondoka.

Malighafi si tatizo kubwa. Hafshafti za malori zilizokatika ni chuma kizuri sana kwa shafti na pini, ingawa uso wake mgumu huhitaji kisu cha kabaidi, au kuchomwa moto na kupozwa polepole ndani ya majivu ili ulainike. Vyuma chakavu vinunuliwe kwa anayefahamika. Kipande cha reli au cha nguzo ya umeme kinaweza kuonekana cha bei poa, na kikamfikisha fundi mahakamani.

FUNDI NI NANI

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi huu, na Mwanza na Shinyanga zote zina vyuo vyake. Kijana aliyetoka chuoni anajua kusoma mchoro na kupima. Anachokosa ni mazoea ya vitu vilivyochakaa, kwa sababu chuoni hupewa fito mpya iliyonyooka, na Lingeka ataletewa shafti iliyopinda, iliyochomelewa na watu watatu, bila mchoro wowote, na mwenyewe amesimama mlangoni akiuliza saa. Mchanganyiko wa kijana huyo na mzee aliyezeekea kiwandani ni bora kuliko yeyote kati yao peke yake.

Hatari za kazi zisipuuzwe. Mkono mrefu wa shati ukishikwa na chaki inayozunguka hauachiliwi, na ufunguo wa chaki ukisahaulika mahali pake huruka kama jiwe la kombeo mashine inapowashwa. Kerezo la uani lina hatari nyingine ambayo karakana haina: watoto. Banda liwe na mlango unaofungwa, na swichi iwe juu.

Upande wa ushindani, vipuri rahisi kutoka China na India vimeshusha bei ya karibu kila kinachotengenezwa kwa wingi. Nyundo za mashine ya kusaga, boliti na beringi hununuliwa dukani, na fundi asijaribu kushindana navyo. Bidhaa hizo hizo humletea kazi nyingine, kwani kipuri cha bei poa mara nyingi huja na tundu dogo kidogo au kubwa kidogo, na lazima mtu akifiti. Kupanua tundu la puli mpya kwa milimita mbili ni kazi ya dakika ishirini, na mteja hulipa bila kunung'unika kwa sababu puli tayari ameshainunua.

Mwenye nia ya kuingia afanye hesabu ya kwanza kwa baiskeli na daftari: azunguke Lingeka na vijiji vinavyoizunguka, aandike kila mashine ya kusaga, ya kukoboa na ya kukamua, kila trekta na kila pampu, na aulize mwenyewe alitengeneza nini mara ya mwisho, wapi na kwa siku ngapi. Wiki moja inatosha. Daftari likionyesha kazi za saa 10 kwa mwezi, mashine ya uani ina mahali. Likionyesha 70, na kuna mkopo wa riba ndogo, karakana inaweza kufikiriwa.

Wakati wa kununua ni kati ya Novemba na Februari, wakulima wanapopanda na fedha ni haba, na wauzaji wa mitumba hukubali kupunguza. Saruji ya msingi iachwe ikomae wiki nne kabla ya kerezo kukazwa kwa boliti na kusawazishwa kwa pimamaji. Pamba huanza kuvunwa Mei, na kuanzia hapo mpaka Oktoba fedha hukaa mikononi mwa watu na mashine za kusaga hazipumziki.